Mama Mkwe Hana Sura

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo na imetukuta katikati ya kurekodi, kama kawaida yake. Paa la studio ni la mabati. Tone la kwanza likigonga, taa nyekundu inazimwa, nasi tunakaa chini, migongo kwenye magodoro tuliyoyagongomea ukutani kuzuia mwangwi, tunangoja. Mvua ikikatika, Fundi Milio anachukua sinia lake na kumwaga mchele taratibu, na hapo ndipo mvua ya kwenye mchezo inaponyesha. Mvua ya kweli haifai redioni. Inasikika kama mtu anakaanga kitu.

Miaka kumi na moja sasa, kila Alhamisi jioni, watu wanafungulia redio kumsikiliza Mama Mkwe akimgombeza mwanawe, mkaza mwana wake, majirani na paka. "Kula kwanza, utalia baadaye!" Watoto wanaisema hata shuleni. Sauti hiyo ni yangu. Jina langu halijawahi kutajwa, wala la mwenzangu yeyote, maana aliyeanzisha mchezo huu aliweka kanuni: msikilizaji asijue tulivyo, amjue Mama Mkwe tu. Mwisho wa kipindi tunasema, "Mlikuwa nyumbani kwa Mama Mkwe," basi. Mimi kanuni hiyo naipenda. Ninachagua nyanya sokoni, huku pembeni yangu wanawake wawili wanabishana kama Mama Mkwe alifanya haki kumfukuza shemeji. Ninalipa, ninaondoka na raha yangu.

Leo mkurugenzi mpya wa vipindi ametuita. Tunamwita Bosi kwa sababu anapenda. Amesema siku hizi redio inatazamwa. Watu wanataka uso. Wamemleta mwigizaji wa filamu ambaye kila mtu anamjua, atapigwa picha za Mama Mkwe, na mimi nitaendelea na sauti.

"Si nyinyi wenyewe mna kanuni ya kutojulikana?" akasema. "Hatuivunji hata kidogo."

Nilicheka. Nikasema heri yeye, uso wangu una kazi nyingine. Wote wakacheka. Ninaandika hapa nisije nikajidai kesho kwamba nilikataa.

Alhamisi, 6 Machi

Mwigizaji amekuja. Nitamwita Picha, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoletewa. Ni mrefu, mpole wa maneno, na manukato yake yalibaki studio mpaka jioni. Wamemvisha wigi la mvi na kumshikisha mwiko. Ameniuliza, "Dada, huyu mama ni mtu wa namna gani?"

"Kwani humsikilizi?"

"Sina redio nyumbani," akasema, bila aibu yoyote.

Fundi Milio, mzee mzima mwenye wajukuu, alimwomba wapige picha pamoja, sinia la mchele mkononi. Alikuwa amevaa shati jipya.

Jumanne, 11 Machi

Mvua kutwa. Hatukurekodi.

Alhamisi, 20 Machi

Bango limebandikwa kituo cha basi, kubwa kama ukuta wa nyumba. Leo nilijikinga mvua chini yake. Wanawake wawili wakaja kujibanza kushoto na kulia kwangu, wakainua macho.

"Kumbe ni mzuri hivi!"

"Ndiyo maana anamringia yule mkaza mwana wake."

Nilikuwa katikati yao, nimekumbatia mfuko wa nyuzi. Kwa mara ya kwanza kitu kikaniuma, nikajiambia ni baridi.

Nyumbani, mimi na Mama tunashona sare za shule kwenye chumba cha mbele. Mama hakuinua macho kwenye pindo lake.

"Yule waliyembandika kule ni nani?"

"Picha tu, Mama."

"Picha ya nani?"

"Ya Mama Mkwe."

"Mama Mkwe si wewe?"

Nikakanyaga cherehani kwa nguvu ili nisimsikie.

Ijumaa, 28 Machi

Nimekasirika hata siwezi kutunga uzi kwenye sindano.

Jana usiku Picha alihojiwa kwenye televisheni. Mwuliza maswali alimwuliza anaipataje sauti ile. Picha akatazama chini, akasema: "Siku ya kurekodi sili. Sizungumzi na mtu. Nakaa gizani peke yangu, na jioni Mama Mkwe ananijia mwenyewe." Machozi yakamlenga. Mwuliza maswali akashika kifua.

Sili! Mimi siku ya kurekodi nakula sahani mbili, maana tumbo likinguruma kipaza sauti kinalinasa, na Fundi Milio ananitania wiki nzima. Sikai gizani. Nakaa kwenye cherehani, nachoma vidole, napanda basi, nafika, nagombeza, narudi. Hiyo ndiyo siri yote.

Lakini uongo wake haukuniudhi kama yule mwuliza maswali. Kipindi kizima hakumwambia hata mara moja, "Hebu tugombeze kidogo tusikie." Sauti hakuitaka. Alitaka mtu mzuri aliyeteseka. Watu wetu wamekuwa hivyo. Mchezo wenyewe wanausikiliza nusu sikio, kisha wanakesha wakiuliza mwigizaji analala na nani, anakula nini, alilia lini. Wanamvisha kilemba cha ukoka na yeye anakivaa, kinamkaa vizuri, anaomba na cha pili.

Jumatatu, 31 Machi

Nimekwenda kwa Bosi.

"Amesema sauti ni yake," nikamwambia.

"Hakusema ni yake. Amesema inamjia."

"Inamjia kutoka wapi? Kutoka kooni kwangu?"

"Dada yangu, sanaa inahitaji hadithi. Wewe hadithi yako ni ipi? Kushona kaptula?" Akatabasamu, hana haya wala soni. "Na kanuni ni yenu. Mimi nimeikuta."

Nilitoka nimeuma meno. Fundi Milio alikuwa mlangoni. Nikadhani atanitetea. Akasema, "Wasikilizaji wameongezeka lakini." Kanuni ile iliwekwa ili mchezo uwe mkubwa kuliko sisi. Sasa wanaitumia kunifunga mdomo, na wenzangu wanashika kamba upande wa pili.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Bango limelowa, halijabanduka.

Jumanne, 8 Aprili

Leo amekuja studio mzee mmoja fundi saa, koti limemlowa mgongoni. Tulikuwa tumekaa tunangoja mvua, akaingia moja kwa moja kana kwamba anakimbizwa. Alimtaka Mama Mkwe.

Mkewe amelazwa. Amefanyiwa upasuaji wa macho, umeharibika, na bandeji haijulikani itatoka lini. Tangu ameambiwa huenda asione tena, ameacha kula. Madaktari wamemsihi, watoto wamelia, anageukia ukuta. "Miaka yote hii," mzee akasema, "Alhamisi mimi na yeye tunakula na redio. Mama Mkwe akisema kula kwanza utalia baadaye, mke wangu anamjibu, 'Haya, nakula, usinipigie kelele.' Anamjibu kweli! Nikaona, labda akija akamgombeza hata dakika moja."

Nilikuwa nimeshasimama. Nilikuwa nimeshavuta pumzi kusema, twende mzee wangu, twende sasa hivi. Bosi akatokea nyuma yangu, akamshika mzee bega.

"Atakuja," akasema. "Ijumaa. Tutamleta mwenyewe."

Mzee alimshika mkono kwa mikono miwili. Alipoondoka nikamwuliza Bosi, "Mwenyewe nani?"

"Unajua nani. Mpiga picha atakuwepo."

"Yule mama amefungwa macho! Picha anampelekea nini?"

"Anampelekea moyo," akasema. "Na wewe ukienda, umemwaga kazi ya watu wote humu. Fundi Milio ana wajukuu. Fikiri."

Nikamtazama Fundi Milio. Alikuwa anaokota punje za mchele sakafuni, moja moja.

Alhamisi, 10 Aprili

Picha amekuja nyumbani. Hakuwa amejipamba, na nilikaribia kutomjua. Alikaa kwenye kigoda cha kupimia watoto, magoti yamemfika kidevuni.

"Dada, nifundishe. Hata sentensi moja. Ile ya kula."

"Si inakujia mwenyewe ukikaa gizani?"

Akasema, "Yale maneno niliandikiwa. Hata kulia niliambiwa nilie wapi."

Nilimwambia sauti si sare ya shule kwamba nitaikata leo ashone kesho. Nikamwambia kama anamwonea huruma yule mgonjwa, akatae kwenda. Akasema mkataba. Nikasema basi mkataba umgombeze mgonjwa. Nilisema mengi zaidi ya hayo na sijutii hata moja.

Aliyenimaliza ni Mama. Mama yangu mzazi, aliyeniuliza Mama Mkwe si wewe! Alikwenda chumbani akarudi amevaa gauni la sikukuu, akamwomba Picha wapigwe picha ya pamoja mbele ya cherehani. Mimi ndiye niliyeshikishwa simu.

"Sogea kidogo, mwanangu," akaniambia, "unatuzuia mwanga."

Jumamosi, 12 Aprili

Picha zimetoka. "Mama Mkwe Amliza Mgonjwa kwa Furaha." Mwanamke amelala, bandeji machoni, mdomo wazi. Mwingine amemwinamia na wigi la mvi. Maelfu wameandika maneno matamu chini yake.

Jioni Picha alinipigia. Alikuwa analia, na safari hii sidhani aliandikiwa. Kumbe Fundi Milio alimtafutia kipande cha sauti yangu kwenye kanda za zamani, akampa kwenye kispika kidogo cha kutia mfukoni. Mtu niliyemwona ndugu kwa miaka kumi na moja! Picha akainama, akabonyeza, sauti ikatoka. Mgonjwa akacheka. Akajibu, "Haya, nakula, usinipigie kelele." Halafu akauliza, "Mama, umekuja na nani kwenye mvua yote hii?" Na kispika hakina jibu. Picha akajaribu kwa sauti yake. Mgonjwa akanyoosha mkono, akampapasa uso, akaanza kupiga kelele: "Huyu nani? Mtoeni! Mtoeni huyu mtu!" Hapo ndipo mpiga picha alipopiga.

Hiyo ndiyo furaha yao. Nimeandika sentensi hii mara tatu na kuifuta, maana kila nikiiandika nataka kuvunja kitu.

Jumapili, 13 Aprili

Nimekwenda. Bosi anifukuze akitaka.

Muda wa kutazama wagonjwa, mlango wa wodi. Mzee fundi saa alikuwa amekaa nje kwenye benchi na bakuli la uji uliopoa. Nilimwambia mimi ndiye Mama Mkwe. Aliinuka polepole.

"Mmetosha," akasema. "Mama, nakuheshimu, lakini mmetosha. Juzi mmeleta mmoja, leo mwingine. Hamna mgonjwa kwenu?"

Sikuwa na cha kumwonyesha. Kitambulisho kina jina ambalo halijatajwa popote. Basi nikafanya kitu pekee ninachokijua. Nikagombeza, pale pale kwenye korido. Mlinzi akageuka, akanitazama toka juu mpaka chini, kandambili na mfuko wa sokoni, akatabasamu.

"Mama, unamwiga vizuri sana," akasema. "Ungeenda redioni wangekuchukua."

Naapa nilitaka kumpiga na mfuko. Nikamgeukia, nikasahau hata ninatumia sauti ya nani: "Mimi namwiga nani? Nani kakupa kazi ya kulinda mlango na masikio yameziba? Ondoa mguu hapo! Na wewe mzee, uji umeota ngozi hivyo unamngoja nani, inzi?"

Ndani ya wodi mtu akasema, "Huyo ndiye."

Kisha tena, kwa nguvu zaidi: "Mume wangu, huyo ndiye! Muache apite!"

Nilikaa kitandani kwake mpaka kengele ya kutoa wageni. Sikumwonea huruma hata kidogo, maana hakutaka huruma. Nilimgombeza kuhusu nywele, kuhusu mto, kuhusu kumtesa mume mwenye koti moja. Alijibizana nami neno kwa neno. Akala uji wote, akasema una sukari kidogo, nikamwambia hii hospitali si harusi ya mjomba wake. Alicheka mpaka muuguzi akaja. Sijawahi kuigiza vizuri hivyo maishani, na hapakuwa na taa nyekundu.

Jumanne, 15 Aprili

Binti wa mgonjwa wa kitanda cha pili alinirekodi. Sikumwona. Leo kila simu mjini inanigombeza mimi mwenyewe.

Jumatano, 16 Aprili

Bosi hakunifukuza. Amenikumbatia!

"Ungesema una hadithi nzuri hivi!" akasema. "Mshonaji. Asiyejulikana. Amedhulumiwa. Hii watu wanalia, dada yangu, wanalia!" Bango jipya linachapishwa, uso wangu na cherehani. Nikamwuliza, na Picha? Akapunga mkono kama anayefukuza nzi. Nikamwambia atangaze kwamba Picha aliandikiwa kila kitu, kwamba yeye Bosi ndiye aliyempeleka hospitali. Akasema, "Hasira za watu sasa hivi zinatusaidia. Usizipoze."

Jumamosi, 19 Aprili

Bango la zamani limepakwa matope. Mtu amechora pembe kichwani pa Picha. Wale waliomwandikia maneno matamu wiki iliyopita ndio hao hao, na sasa wanamwandikia mambo ambayo siwezi kuyanakili hapa. Amenipigia. "Dada, waambie sikutaka." Nimewaambia. Nimesimama mbele ya kipaza sauti cha televisheni, nikasema kosa si lake. Walikata maneno hayo, wakabakiza niliposema "kula kwanza".

Mwezi mzima nimemchukia binti huyu. Leo sijui chuki hiyo niipeleke wapi, maana kila mlango ninaogonga umejaa watu wanaonipigia makofi.

Alhamisi, 24 Aprili

Sokoni sichagui nyanya tena. "Mama, tugombeze!" Wananizunguka na simu. Hakuna anayebishana kuhusu shemeji. Wananiuliza kama nimeolewa.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua imepungua. Fundi Milio amekuja kuniomba msamaha, na mwisho wa msamaha akauliza kama nitamtaja kwenye mahojiano.

Mama ameanza kuwaambia wateja, "Huyo ni wangu, nilimzaa mwenyewe." Gauni la sikukuu halivui. Nampenda Mama yangu na siwezi kukaa naye chumba kimoja.

Jumamosi, 3 Mei

Mzee fundi saa alinitumia ujumbe nifike. Nilidhani bandeji imetoka.

Nje ya hospitali kulikuwa na watu wengi, wapiga picha pia. Yule mlinzi alinisalimu kwa kuinama. Wodini niliwakuta wageni wasiojulikana wamejipanga ukutani, simu mikononi. Walikuwa wakija hivyo kila siku, mzee akaniambia, kumwona "yule mgonjwa wa Mama Mkwe". Uji ulikuwa juu ya kabati, haujaguswa. Mke wake alikuwa amegeukia ukuta.

Niliwatoa wote. Nikafunga mlango. Nikakaa kitandani, nikaanza, "Haya, we mwanamke, nasikia umerudia ujinga wako."

Hakujibu. Nikagombeza tena. Halafu akasema, taratibu, bila kugeuka:

"Mama, usije tena."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Zamani kwenye redio ulikuwa unanigombeza mimi. Nilijua kwamba wengine wanasikiliza, lakini ulikuwa unanigombeza mimi. Sasa kila ukifungua mdomo nasikia watu nyuma yako wanasubiri nijibu." Akavuta shuka mpaka shingoni. "Wamenifanya mchezo. Mimi siwezi kula watu wakinitazama, na hata siwaoni."

"Basi nitakuja peke yangu. Alfajiri. Nitavaa baibui, nitajifunika."

"Utakuja nao tu, mama yangu. Si kosa lako."

Nilimwomba ale kijiko kimoja. Nilimwomba kwa sauti yangu mwenyewe, ile ya nyumbani, ambayo hakuna anayeijua. Hakuitambua. Mzee akanisindikiza mpaka mlangoni akaniambia asante, na akaufunga.

Getini walikuwa wananingoja. "Gombeza! Gombeza! Gombeza!" Wameinua simu zao juu, wanacheka, wengine wamebeba watoto.

Damu ikanichemka. Nikawaambia waondoke. Nikawaambia ndani kuna mtu anakufa njaa kwa sababu yao, kwa sababu hawana kazi, hawana haya, wamemlamba Picha wakamtema, na kesho watanitema mimi, na yule mama watamsahau kabla hajazikwa. Nikawaambia hawajawahi kusikiliza kitu chochote maishani mwao. Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikatika kabisa, nikabaki natoa pumzi tu, machozi yananitoka.

Walipiga makofi. Walipiga makofi muda mrefu, wengine wanashikana mbavu, na mwanamke mmoja mwenye uso mwema akapenya mpaka mbele, akanishika mkono na kuniomba nirudie toka mwanzo, maana simu yake ilichelewa kuwaka.